Rangi ya Nguo Ndani ya Seli

Fungua kitabu chochote cha Biolojia cha sekondari, utaukuta mchoro uleule: duara kubwa, ndani yake kiini cha zambarau, mitokondria nyekundu zenye umbo la haragwe, vifuko vya buluu vilivyopangwa kama chapati kwenye sahani, nukta za ribosomu zilizotapakaa kila upande, na mishale inayotaja jina la kila kimoja. Mwanafunzi hufundishwa kazi zake. Kiini hutunza maagizo ya urithi, mitokondria huvunja chakula na kukigeuza nguvu, ribosomu huunda protini, lisosomu humeng'enya mabaki, na utando wa nje huamua kipi kiingie na kipi kitoke. Anavikariri na kuvichora kwenye mtihani, lakini ni nadra kuambiwa jambo la msingi: ukiitazama seli hai ya mnyama kwa hadubini ya kawaida, huoni hata rangi moja kati ya hizo. Seli ni angavu kama ute wa yai. Zile rangi za kitabuni zina historia, na historia hiyo inaanzia sokoni, kwa wauza vitambaa, wapaka rangi nguo, wapiga picha na wenye mashine za maziwa. Hoja yangu ni kwamba sehemu za seli zilipatikana kwa vifaa ambavyo vingi vyao vilibuniwa kwa shughuli nyingine kabisa, kwamba kila kifaa kilikuja na uongo wake, na kwamba tumepata haki ya kuziamini sehemu hizo pale tu vifaa viwili visivyo na undugu vilipotoa ushahidi mmoja.

Mwanzo wa habari unajulikana. Mwaka 1665 Robert Hooke, aliyekuwa msimamizi wa majaribio wa Royal Society ya London, alichonga kipande chembamba cha koki, lile gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, kwa kisu kikali kama wembe. Akakiweka juu ya kibao cheusi kwa kuwa koki yenyewe ni nyeupe, akaelekeza mwanga juu yake kwa lenzi nene, na akaona vyumba vidogovidogo vilivyobanana kama sega la nyuki. Aliviita kwa neno la Kiingereza la vyumba vidogo, neno ambalo Kiswahili kimelichukua likawa seli, lilelile tunaloliita chumba cha mahabusu. Akapiga hesabu kwamba inchi moja ya ujazo ya koki ina vyumba zaidi ya 1,200,000,000. Lakini tuangalie alichokiona hasa: kuta za seli zilizokwisha kufa, mahame yasiyo na wenyeji. Na tuangalie pia kile kibao cheusi. Hooke alijua tangu siku ya kwanza kwamba kukuza hakutoshi. Kitu cheupe kinahitaji weusi nyuma yake ndipo kionekane. Tatizo hilo lilidumu kwa karne mbili baada yake.

Mwenzake wa enzi hiyo, Antoni van Leeuwenhoek wa mji wa Delft huko Uholanzi, hakuwa msomi wa chuo. Alikuwa muuza vitambaa, na wauza vitambaa wa wakati ule walitumia vioo vya kukuza kuhesabia nyuzi ili kupima ubora wa kitambaa. Leeuwenhoek alikipeleka kifaa cha dukani mbali kuliko mtu yeyote. Alitengeneza lenzi ndogo kama punje, akazibana katikati ya vibati viwili, na hadubini zake zilizosalia zinaonyesha kwamba bora kati yake ilikuza takriban mara 270. Kuanzia mwaka 1673 aliiandikia Royal Society barua nyingi, akieleza viumbe vidogo waliomo majini, chembe za damu, mbegu za kiume, na mwaka 1683 bakteria wa kwenye utando wa meno. Alipotaka kuona nyuzi za misuli vizuri zaidi alizipaka zafarani, kiungo tunachokijua kwenye pilau na biriani. Kwa zafarani hiyo, muuza vitambaa alikwisha kukisia njia ambayo wataalamu wengine wangeifuata muda mrefu baadaye.

Kuna pingamizi la haraka hapa, na ni la haki. Sehemu mbili za seli ziligunduliwa bila kutiwa rangi yoyote. Robert Brown, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alikieleza kiini mwaka 1831 alipokuwa akichunguza ua la okidi na ngozi ya majani yake, akakiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya kokwa au kiini cha tunda, hivyo Kiswahili kilipochagua neno kiini, lile la kiini cha yai, kilimfuata kwa usahihi mkubwa. Kloroplasti nazo, zile chembe za kijani zinazotumia mwanga wa jua kutengeneza sukari ya mmea, Hugo von Mohl alizieleza katika miaka ya 1830. Je, hoja imeanguka? Naona imeimarika. Kloroplasti zilionekana mapema kwa sababu zinakuja na rangi yao wenyewe, na kiini kilionekana kwa sababu ni kikubwa na kizito kuliko ute unaokizunguka, ingawa wengi walikipita bila kukitilia maanani. Visivyo na rangi wala uzito wa kuvitofautisha vilibaki gizani, japokuwa lenzi zilikuwa zimeboreka sana. Joseph Jackson Lister, mfanyabiashara wa mvinyo wa London, alikwisha kuonyesha mwaka 1830 jinsi ya kupanga lenzi ili zisitoe picha yenye ukungu. Vioo safi vilikuwepo, na seli ikaendelea kuonekana kama kikombe cha maji chenye kokwa katikati.

Upofu huo ulikuwa na gharama. Matthias Schleiden mwaka 1838 na Theodor Schwann mwaka 1839 walitangaza kwamba mimea na wanyama wote wameundwa kwa seli, na kwa hilo walistahili sifa waliyopewa. Ila walipoulizwa seli mpya hutoka wapi, walijibu kwa kufikiri, kwamba hugandamana kutoka kwenye majimaji kuzunguka kiini, kama chumvi inavyoganda maji yakikauka. Lilikuwa jibu zuri kwa masikio, na lilikuwa kosa. Robert Remak na baadaye Rudolf Virchow, aliyeandika mwaka 1855 kwamba kila seli hutoka kwenye seli nyingine, walilipinga kwa nguvu, lakini namna hasa seli inavyogawanyika haikuweza kuonyeshwa mpaka pale kilichomo ndani ya kiini kilipopata rangi.

Rangi ilitoka kwenye biashara ya nguo. Kwanza zilitumika zile za zamani. Kamini, nyekundu inayotolewa kwa kuponda wadudu wanaoishi kwenye dungusi kakati za Amerika, ilikuwa ikipaka nguo za matajiri wa Ulaya kwa karne kadhaa. Mwaka 1858 Joseph von Gerlach aliacha kipande cha ubongo usiku kucha ndani ya kamini iliyozimuliwa sana, na asubuhi akakuta viini vya seli vimekunywa rangi kuliko sehemu nyingine. Kisha ikaja hematoksilini, inayochemshwa kutoka kwenye mti wa Campeche wa Mexico na Amerika ya Kati, mti uliokatwa na kupakiwa melini kwa ajili ya watia rangi wa Ulaya. Hematoksilini hiyohiyo, ikichanganywa na shabu, ndiyo inayotia buluu na zambarau viini vya seli katika maabara za hospitali mpaka leo, daktari anapotaka kujua kama uvimbe ni saratani. Zambarau ya kiini katika mchoro wa kitabu cha shule imetoka kwenye mti huo.

Baada ya hapo ikaja kemia. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 wa London, William Henry Perkin, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na kemikali za lami ya makaa ya mawe. Kwinini haikupatikana. Ilipatikana zambarau kali ambayo ilishika kwenye hariri bila kuchuja, na Perkin akafungua kiwanda. Ndani ya miaka 20 viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitoa rangi za aina nyingi ajabu. Katika kiwanda cha BASF, Heinrich Caro alitengeneza eosini mwaka 1874 na buluu ya methilini mwaka 1876, zote kwa ajili ya nguo na karatasi. Kinachotufaa katika rangi hizi ni tabia yake ya uteuzi. Mpaka rangi hujua kwamba rangi inayokamata sufu inaweza kukataa pamba, kwa sababu kila uzi una asidi au besi yake. Ndani ya seli mambo ni hayohayo: asidi za kwenye kiini huvuta rangi zenye besi, na protini nyingi za nje ya kiini huvuta rangi zenye asidi. Seli ikitumbukizwa kwenye beseni la mpaka rangi hujigawa yenyewe.

Aliyevuna zaidi alikuwa Walther Flemming wa Kiel. Alichukua viluwiluwi vya salamanda, ambao seli zao ni kubwa kuliko za wanyama wengi, akazigandisha na kuzitia rangi za lami, na katika kitabu chake cha mwaka 1882 akaonyesha hatua kwa hatua namna nyuzi za ndani ya kiini zinavyofupika, zinavyopasuka kwa urefu, na nusu zake zinavyovutwa kila moja upande wake kabla seli haijagawanyika. Dutu ya nyuzi hizo aliiita kromatini, kutokana na neno la Kigiriki la rangi, kwa sababu sifa pekee aliyoweza kuitaja kwa uhakika ilikuwa kwamba inakunywa rangi. Mwaka 1888 Wilhelm Waldeyer aliziita nyuzi zenyewe kromosomu, yaani miili ya rangi. Kila mwalimu anapotamka kromosomu darasani leo, anataja kazi ya mpaka nguo bila kujua. Vibeba urithi wetu havina rangi hata kidogo. Jina vimepewa kwa doa vililotiwa.

Sasa tufike kwenye pingamizi zito kuliko yote. Kabla ya kutiwa rangi, seli huuawa na kugandishwa kwa asidi, spiriti au chumvi za metali. Tunajuaje kwamba kinachoonekana baadaye kilikuwepo ikiwa hai? Mwaka 1899 Alfred Fischer, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, aliliuliza swali hilo kwa jaribio la kutisha. Alijaza majimaji ya protini, yasiyo na uhai wowote, ndani ya uboho mkavu wa shina la mti, akayagandisha na kuyatia rangi kama seli, na ndani yake yakatokea punje, nyuzi na nyavu zilizofanana na zile ambazo wenzake walikuwa wakizichora na kuzipa majina. Tangu hapo kila aliyedai kuona kitu kipya ndani ya seli alipaswa kujibu: ni chako au ni cha dawa yako?

Hakuna aliyeteswa na swali hilo kama Camillo Golgi, au tuseme kitu kilichobeba jina lake. Mwaka 1873, katika jiko aliloligeuza maabara kwenye hospitali ya wagonjwa sugu mjini Abbiategrasso, Golgi aligundua kwamba ukigandisha ubongo kwa dikromati ya potasiamu kisha ukautumbukiza kwenye nitrati ya fedha, chumvi iliyokuwa ikijulikana sana na wapiga picha, seli chache hugeuka nyeusi kabisa huku jirani zake zikibaki angavu. Mwaka 1898, akiwa Pavia, aliibadilisha mbinu hiyo kidogo na ndani ya seli za ubongo wa bundi akaona wavu mweusi uliozunguka kiini. Wavu huo ulikuwa mkaidi. Ulitokea leo, kesho haukutokea. Katika seli moja ulikuwa wavu, katika nyingine vifuko, katika nyingine punje. Kwa miaka 50 wanasayansi walibishana kama upo. Mwaka 1949 George Palade na Albert Claude wa Taasisi ya Rockefeller, New York, waliandika kwamba haupo, kwamba ni mafuta ya seli yaliyovurugwa na dawa za kugandishia. Hawakuwa wapinzani wa kijicho. Walikuwa miongoni mwa wachunguzi makini zaidi wa seli waliokuwepo, na kwa ushahidi wa siku ile hukumu yao ilikuwa ya kuheshimiwa.

Kilichookoa elimu ya seli ni njia ambayo haikuhusiana na macho hata kidogo. Mashine za kuzungusha kwa kasi ili kizito kiende pembeni na chepesi kibaki katikati zilienea kwanza kwa wenye ng'ombe, waliotaka kutenga krimu na maziwa. Claude, Mbelgiji ambaye ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha chuma, alilisaga ini na kulizungusha, akapata tabaka za sehemu za seli kulingana na uzito wake. Mwanzoni sehemu hizo zilivimba na kushikamana. Mwaka 1948 George Hogeboom, Walter Schneider na Palade walilisaga ini ndani ya maji ya sukari, takriban gramu 300 kwa lita, na mitokondria zikatoka zikiwa bado na umbo la vijiti. Jambo la kushika hapa ni hili: walipozitia rangi ya kijani iitwayo Janus, ambayo Leonor Michaelis alionyesha mwaka 1900 kwamba huzitia rangi mitokondria za seli iliyo hai, zikaipokea. Muda huohuo Eugene Kennedy na Albert Lehninger walionyesha kwamba ndani yake ndimo chakula kinamochomwa kwa oksijeni. Vijiti ambavyo Richard Altmann alikuwa akivitetea tangu 1890 huku akikosolewa vilikuwa vimepata shahidi wa pili, na shahidi huyo hakuwa amepita kwenye beseni la rangi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lisosomu ilipita njia hiyo kwa kinyumenyume, ilijulikana kabla ya kuonekana. Christian de Duve wa Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, alikuwa akipima kimeng'enya kimoja katika ini la panya mwaka 1949, akapata sehemu moja tu kwa kumi ya alichotarajia. Sampuli ilikaa kwenye friji siku tano. Alipoipima tena, kimeng'enya kilikuwa kimerudi kwa wingi wake. Mtu mwingine angesema alikosea kipimo cha kwanza. De Duve alihitimisha kwamba kimeng'enya kilikuwa kimefungiwa ndani ya vifuko, na vifuko vilianza kuvuja vilipokaa. Mwaka 1955 akaviita lisosomu, na Alex Novikoff akavipiga picha kwa hadubini ya elektroni muda mfupi baadaye.

Hadubini hiyo, iliyotengenezwa Berlin na Max Knoll na Ernst Ruska mwaka 1931, ilifika kwenye seli kwa kuchelewa kwa sababu elektroni hazipiti kwenye kitu kinene. Picha ya kwanza ya seli nzima, iliyochapishwa na Keith Porter, Claude na Ernest Fullam mwaka 1945, ilionyesha vizuri kingo tu, mahali seli ilipotandazika kama ngozi ya kitunguu. Ukombozi ulitoka kwenye kioo cha dirisha. Mwaka 1950 ilionekana kwamba kipande cha kioo kinene kikivunjwa kwa pembe, ukingo wake mpya ni mkali kuliko wembe wowote, na kwa visu hivyo seli ikakatwa vipande vyembamba kuliko sehemu ya elfu kumi ya milimita. Ndani ya miaka michache mikunjo ya ndani ya mitokondria ilionekana, zikaonekana nukta za ribosomu, na mwaka 1954 Albert Dalton na Marie Felix wakaonyesha ule wavu wa Golgi: vifuko bapa vilivyorundikwa, mahali palepale alipouona yeye, katika seli ambazo hazikuguswa na fedha. Palade alikubali, na akafanya zaidi ya kukubali. Mwaka 1967 yeye na James Jamieson walivipa vipande vya kongosho la simbilisi asidi amino zenye mionzi, zile zinazojenga protini, kwa dakika 3, kisha wakafuatilia safari yake: protini mpya ilianza kwenye utando wenye ribosomu, ikapita eneo la Golgi, na baada ya zaidi ya saa moja ikawa imefungwa kwenye vifuko vya kutolewa nje. Mionzi ilijiandika juu ya utando wa filamu wenye chumvi ya fedha. Mtu aliyeandika kwamba Golgi haipo ndiye aliyetueleza kazi yake.

Kipimo kinachothibitisha lazima kiwe na uwezo wa kukanusha pia. Katika miaka ya 1950 hadubini ya elektroni ilionyesha ndani ya bakteria fulani mikunjo ya utando iliyoitwa mesosomu. Ilichorwa vitabuni, ikapewa kazi ya kupumua na ya kugawanya seli. Kisha wachunguzi wakaanza kugandisha bakteria kwa baridi ya ghafla badala ya kemikali, na mesosomu zikatoweka. Zilikuwa zimezaliwa na dawa. Hofu ya Fischer ilikuwa ya kweli, ila haikumeza kila kitu, na aliyetenganisha Golgi na mesosomu ni yule shahidi wa pili.

Wapo watakaosema kwamba kuwataja wapaka rangi na wenye krimu ni kuwapunguzia heshima wanasayansi, kwa kuwa maelfu walikuwa na rangi zilezile na hawakuona kitu. Ni kweli kwamba macho ya Flemming na shaka ya de Duve havikununuliwa dukani. Hata hivyo Schleiden hakuwa na akili pungufu kuliko Flemming. Alikosa beseni. Na nchi inayodhani itapata wanasayansi bila kuheshimu mafundi wake wa vioo, rangi na mashine inapaswa kuisoma historia hii kwa makini.

Uzi wake mmoja unafika kwetu moja kwa moja. Kati ya mwaka 1895 na 1898 mfamasia mmoja Mjerumani, Gustav Giemsa, alifanya kazi katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baadaye, akiwa Hamburg, mwaka 1904 alichapisha mchanganyiko wa buluu ya methilini na eosini, zile rangi mbili za Caro, uliotiwa gliserini na spiriti ya methili ili usiharibike kwenye joto. Mchanganyiko huo bado unaitwa kwa jina lake katika zahanati za Tanzania, Kenya, Uganda na Congo. Tone la damu hutandazwa juu ya slaidi, likakauka, likafunikwa kwa Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika kama 10, likaoshwa kwa maji. Kiini cha kimelea cha malaria hugeuka chekundu, ute wake hugeuka buluu. Mtaalamu wa maabara aliyefundishwa vizuri hahesabu doa jekundu lililo peke yake, maana linaweza kuwa uchafu wa rangi, wala buluu tupu. Anaandika kwamba malaria ipo pale anapoviona vyote viwili pamoja, kiini na ute wake, ndani ya kimelea kimoja.